Shemasi Aliyewacheka Wapiga Picha



Siku tulipomaliza masomo yetu ya ualimu tulipangwa mistari mitatu mbele ya jengo la chuo, tukapigwa picha ya pamoja. Juma lililofuata picha ikaletwa. Je, kila mmoja wetu alimtafuta nani kwanza? Alijitafuta mwenyewe. Na karibu kila mmoja alisema kuwa picha ile ni mbaya, kwamba yeye hafanani hivyo, na kwamba mpiga picha hajui kazi yake. Ajabu ni kuwa hakuna aliyesema kuwa wenzake hawafanani. Wenzake wote walikuwa vile vile walivyo. Ni yeye peke yake aliyeharibiwa.

Katika toleo hili napenda kuwasimulieni habari za mtu aliyeliona jambo hilo zamani sana, mwaka 1857, wakati kazi ya kupiga picha ilipokuwa bado changa, akalitungia shairi refu la kuchekesha. Mtu huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye kigugumizi, na baadaye shemasi wa Kanisa la Uingereza, lililo mama wa makanisa yetu ya Anglikana. Jina lake ni Charles Lutwidge Dodgson. Lakini ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la Lewis Carroll, mtungaji wa hadithi ya Alice. Hadithi hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili, ikachapwa London na Sheldon Press mwaka 1940, ikaitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Watu wengi wanaijua hadithi. Wachache wanajua kuwa mwenyewe alikuwa mpiga picha hodari kwa muda wa miaka 24.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Dodgson alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, wilaya ya Cheshire, Uingereza. Baba yake alikuwa padre. Nyumba yao ilikuwa na watoto 11, naye alikuwa wa tatu kuzaliwa na wa kwanza miongoni mwa wavulana. Mwaka 1843 baba yake alihamishiwa parokia ya Croft, kaskazini mwa nchi. Huko kijana huyu aliwatungia wadogo zake magazeti ya nyumbani, akiyaandika kwa mkono na kuyachorea picha za kuchekesha. Basi mzaha ulikuwa ndani yake tangu utoto.

Januari 1851 aliingia chuo cha Christ Church katika Oxford. Hakumaliza hata siku tatu pale kabla ya kuitwa arudi nyumbani, kwa kuwa mama yake amefariki. Alirudi chuoni baada ya mazishi, akasoma kwa bidii, na mwaka 1855 akawekwa kuwa mwalimu wa hesabu wa chuo hicho hicho. Aliishi hapo maisha yake yote wala hakuoa.

Kigugumizi kilimsumbua tangu utoto mpaka uzee. Tarehe 22 Desemba 1861 Askofu Samuel Wilberforce wa Oxford alimwekea mikono kuwa shemasi. Hakuendelea mbele kuwa padre. Hofu ya kusimama na kusoma ibada mbele ya watu kwa ulimi unaokwama ilikuwa mojawapo ya sababu. Hata hivyo katika miaka yake ya mwisho alijipa moyo akahubiri mara kwa mara, na watu walimsikiliza.

KAZI MPYA NA WENYE KUICHEKA

Msomaji mpenzi, ili tuuelewe mzaha wake inafaa tujue kwanza kazi yenyewe ilikuwaje. Habari za kupiga picha zilitangazwa mwaka 1839, Ufaransa na Daguerre, na Uingereza na Talbot. Kabla ya hapo, aliyetaka sura yake ibaki ilimpasa amlipe mchoraji, na si kila mtu aliyekuwa na fedha hizo. Mara kukatokea sanduku lenye kioo cha kukuza, na jua likawa ndilo mchoraji.

Watu waliikimbilia kazi hiyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1851, Uingereza ilikuwa na watu 51 tu waliosema kuwa kazi yao ni kupiga picha. Miaka kumi baadaye walipita 2,500. Kazi inayokua upesi hivyo huvuta kila namna ya mtu, mwenye ujuzi na asiye nao, na haiwezi kukosa wa kuicheka.

Walianza mapema. Desemba ya mwaka ule ule wa 1839, Mfaransa Maurisset alichora katuni yenye makundi ya watu wakimiminika kupigwa picha kama wenye wazimu, na pembeni akachora vitanzi vya kukodisha, ili wachoraji waliokosa kazi wakajinyonge. Mwaka 1862 Honoré Daumier alimchora Nadar, mpiga picha maarufu wa Paris, akiwa angani katika puto na kamera yake, kofia ikimpeperuka, na chini yake kila nyumba ya mji imeandikwa kuwa hapa hupigwa picha.

Na huko Uingereza aliyeandika kitabu kizima cha kuwacheka wapiga picha alikuwa ni kasisi, Edward Bradley, aliyejiita Cuthbert Bede. Alikitoa mwaka 1855, na michoro yake aliichora mwenyewe. Mtu huyo naye alikuwa amejaribu kupiga picha, kwa hiyo alijua vidole vinavyochafuka kwa dawa na picha zinazoharibika. Msisahau jambo hili, maana ndilo lililomfanya Dodgson naye awe mcheshi wa namna ya pekee.

ANANUNUA KAMERA

Dodgson alianza kucheka kabla ya kununua. Novemba 1855 gazeti moja la vichekesho lilitoa habari aliyoitunga, juu ya mashine inayopiga picha ya mawazo. Kijana mmoja mzembe wa akili anawekwa mbele ya mashine hiyo, na mawazo yake yanatokea katika karatasi kama hadithi dhaifu isiyo na chumvi. Kisha karatasi inatiwa dawa zaidi, na hadithi ile ile inakuwa na nguvu. Inatiwa dawa tena, inakuwa ya makelele na radi. Alikuwa akiwacheka wapiga picha na watungaji wa vitabu kwa pigo moja.

Miezi minne baadaye, Machi 1856, alikwenda London pamoja na rafiki yake Reginald Southey, akaagiza kamera yake mwenyewe. Gharama yake ilikuwa pauni 15 hivi, fedha nyingi kwa mwalimu kijana. Mwezi huo huo ndipo alipopata jina la Lewis Carroll. Aliyageuza majina yake mawili ya kwanza kuwa ya Kilatini, akayapindua, akayarudisha katika Kiingereza kwa umbo jingine. Mhariri wa gazeti alipewa majina kadhaa, akachagua hilo.

Kupiga picha wakati huo hakukuwa jambo la kubonyeza na kuondoka. Njia iliyotumika ilibuniwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851. Mpiga picha alichukua kioo kisafi, akakimiminia dawa nzito iitwayo kolodioni, akakiinamisha huku na huku mpaka ienee sawasawa. Kisha aliingia gizani akakitumbukiza katika maji yenye chumvi ya fedha. Kioo kikiwa bado kinadondoka maji alikitia ndani ya kamera, akaufungua mdomo wake, akahesabu. Anayepigwa picha ilimpasa akae kama jiwe kwa muda mrefu, pengine nusu dakika au zaidi. Kisha mpiga picha alirudi mbio gizani kukisafisha kioo kabla hakijakauka. Vumbi likianguka, picha imeharibika. Mtu akikohoa, imeharibika. Dawa ikizidi kidogo, imeharibika.

Huyu ndiye mtu aliyekuwa na ulimi mzito, na sasa amepata kazi ambayo ndani yake watu wote huambiwa wanyamaze.

SHAIRI LA MWAKA 1857

Septemba 1857 Dodgson alimpiga picha Tennyson, aliyekuwa mshairi mkuu wa Malkia. Desemba ya mwaka huo ikatoka tungo yake ya kuwacheka wapiga picha na wapigwa picha. Aliitunga kwa mwendo wa utenzi mashuhuri wa Mmarekani Longfellow juu ya shujaa Hiawatha, uliokuwa umetoka miaka miwili nyuma yake. Lakini Hiawatha wa Dodgson hashiki upinde. Anashika kamera ya mbao nzuri, anaisimamisha juu ya miguu mitatu, anajifunika kitambaa cheusi, anawaomba watu wasitikisike. Hapo tayari pana kichekesho: sauti ya ngoma ya vita, na kazi yenyewe ni kupiga picha ya familia moja sebuleni.

Wa kwanza ni baba. Anataka mapazia nyuma yake, mkono mmoja umeshika karatasi iliyokunjwa, mwingine ameuingiza kifuani kama Napoleon, na macho anayatupa mbali kama jemadari. Bahati mbaya akatikisika, picha ikaharibika. Akaja mama, amejipamba kwa hariri na vito, na shada la maua lenye ukubwa wa kupita kabichi. Tangu akae hakunyamaza: je, uso umegeuka vya kutosha, je, maua ayainue? Picha ikaharibika. Akaja mwana anayesoma Chuo Kikuu, amejipinda kila kiungo kwa sababu amesoma katika vitabu vya Ruskin kuwa uzuri uko katika mipindo. Nayo ikaharibika. Akaja binti mkubwa, anayetaka atokee mwenye uzuri wa upole, akalegeza jicho moja, akakaza jingine, akatabasamu upande. Mwisho kijana mdogo, nywele timutimu na uso wa vumbi, asiyetulia hata kidogo. Zote hazikufaa.

Ndipo Hiawatha akawakusanya wote pamoja, vivi hivi, bila mapambo wala mipango. Akapiga. Na kwa bahati picha ikatoka safi, kila mmoja anafanana na alivyo hasa.

Mnadhani walifurahi? Wote kwa pamoja wakaitukana. Wakasema hiyo ni picha mbaya kupita zote duniani, na mtu asiyewajua akiiona atawadhania kuwa ni watu wajinga, wenye kiburi na hasira. Uvumilivu wa Hiawatha ukamwishia. Akafunga masanduku yake kwa haraka, akaenda zake kupanda gari la moshi.

Kiini cha mzaha ndicho hicho. Zilipokuwa za uongo, picha ziliharibika zenyewe. Ilipotoka ya kweli, ilichukiwa. Kioo hakidanganyi, wasema wahenga, na labda ndiyo sababu hatukipendi asubuhi.

Lakini tazameni pia Dodgson alisimama wapi alipocheka. Hakusimama dirishani kama mpita njia. Mpiga picha anayehangaika na dawa, anayewabembeleza watu wakae kimya, anayekimbia kwa hasira, alikuwa ni yeye mwenyewe. Mwaka 1860 aliandika habari nyingine ya namna hiyo, juu ya mpiga picha anayetoka siku moja na mzigo wake mzito, akitaka kumfurahisha msichana anayempenda. Kila kitu kinamwendea kombo, anaingia katika shamba la watu bila ruhusa, na anarudi nyumbani ameumizwa. Kuna dhihaka ya kumsukuma mwenzako tope, na kuna ya mtu aliye tayari ndani ya tope anayeeleza lilivyo. Nilipokuwa nikifundisha niliona wanafunzi hawaisahau dhihaka ya kwanza kwa uchungu wake. Ya pili huwafanya wajifunze.

PICHA ALIZOZIACHA

Hakuwa mpiga picha wa mitaani. Hakuishi kwa kazi hiyo. Lakini aliifanya kwa uangalifu kuliko wengi walioishi kwayo. Mwaka 1858 picha zake nne ziliwekwa katika maonyesho ya chama cha wapiga picha London. Alipiga picha Askofu Wilberforce, familia ya mwandishi George MacDonald, wachoraji na washairi wa nyumba ya Rossetti mwaka 1863, na mwigizaji Ellen Terry mwaka 1865. Inakadiriwa alipiga picha 3,000 hivi, na zilizosalia hazifiki 1,000. Alizipa namba, akazipanga katika vitabu, na mara nyingi akawaomba waliopigwa waandike majina yao chini kwa mkono wao.

Alipenda sana kuwapiga picha watoto, hasa wa rafiki zake. Miongoni mwao alikuwa Alice Liddell, binti wa mkuu wa chuo chake. Ni yeye na dada zake waliosimuliwa hadithi ile ndani ya mashua tarehe 4 Julai 1862, na kitabu kikatoka mwaka 1865. Mchoraji John Tenniel hakuridhika na jinsi picha zake zilivyochapwa mara ya kwanza. Dodgson alikubali nakala 2,000 ziondolewe na kazi ianze upya kwa gharama yake. Mtu aliyejua uchungu wa picha iliyoharibika hakuweza kuuza iliyoharibika.

Hapa kuna jambo lisilofaa kufichwa. Baadhi ya picha zake ni za watoto wasio na nguo. Alizipiga kwa ruhusa ya wazazi, na zilizosalia ni chache. Wapo wataalamu wanaosema kuwa wakati ule watu waliona mtoto wa namna hiyo kama mfano wa utakatifu, hata wakachapa picha kama hizo katika kadi. Wapo wengine wanaoona hatari ndani yake, nao wana haki ya kuuliza. Vitabu vinne kati ya 13 vya kumbukumbu zake za kila siku vimepotea, na kurasa nyingine zimekatwa. Mimi sitamhukumu mtu aliye kaburini, wala sitamsafisha. Nitasema tu kama mwalimu wa watoto: leo tusingekubali, na haitoshi kusema mzazi aliruhusu, kwa maana mtoto naye ana heshima yake ambayo mzazi hawezi kuitoa kwa niaba yake. Nia ya mpiga picha hufa pamoja naye. Picha hubaki, na mtoto ndiye aliyemo ndani yake.

MWISHO WAKE

Mwaka 1880 Dodgson aliiweka kamera chini, asiishike tena. Wakati huo vioo vikavu vilivyotayarishwa viwandani vilikuwa vimeanza kutumika, na ile kazi ya mbio za gizani ilikuwa inaisha. Mwaka uliofuata aliacha kufundisha, akabaki na vitabu vyake vya hesabu na mantiki. Alifariki tarehe 14 Januari 1898 nyumbani kwa dada zake katika mji wa Guildford, akiwa na umri wa miaka 65, akazikwa huko huko.

Ndugu zangu, siku hizi kila kijana ana kamera mfukoni, na picha mbaya hufutwa kabla mwenyewe hajashusha mkono. Familia ile ya shairi ingefurahi sana! Baba angejipiga mara 40 mpaka ajemadarike, na ile moja ya kweli ingefutwa kwanza.

Picha yetu ya chuo ninayo mpaka leo. Imepauka, na pembe moja imeliwa na mende. Katika wale waliopangwa mistari mitatu, wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Namtazama yule aliyenung'unika kuwa pua yake imekuzwa, na yule aliyedai kuwa amefumbishwa macho. Sioni ubaya wowote. Naona pua yake, ile ile tuliyoijua, na ninamshukuru mpiga picha kwamba hakuikosea.

Basi nina ombi moja. Mkifika nyumbani, toeni picha za zamani zilizo sandukuni, mwandike nyuma yake majina ya watu na mwaka, kwa kalamu ya risasi, kabla ya waliobaki kuwatambua hawajaondoka. Dodgson alifanya hivyo, na ndiyo sababu wale aliowapiga picha tunawajua kwa majina mpaka leo.